Kitenzi cha Pua

Mahakama ya Masindi, Jumanne, saa nne na nusu.
Majivu ya miwa kutoka Kinyara
yanaingia dirishani, yanatua juu ya mafaili
kama yana shauri lao.

Mimi ni mkalimani.
Nalipwa kusimama kati ya midomo miwili
bila kuwa na wangu.

Bi Atimango ameapa. Muuza mihogo wa Bweyale.
Kwake ni Kiacholi, kwa mshtakiwa ni Kinyoro,
kalamu ya hakimu haijui ila Kiingereza;
basi tukakutana kwenye Kiswahili,
sote tumekiazima, hakuna aliyekizaa.

"Usiku ule ghala lilipoungua," akasema,
"mimi nilisikia petroli."

Nikafungua kinywa. Nikakwama.
Sikio letu ni lango la ng'ombe:
hupita humo ngoma, njaa, baridi,
jino linalouma, samaki aliyeoza,
habari ya msiba, hata pilipili.
Kwa Kiingereza kila mgeni ana mlango wake
na bawabu anayeuliza: wewe ni wa wapi?
Nikiipitisha petroli sikioni, watacheka.
Walicheka mwaka jana, nilipowaambia
kwamba mzee fulani aliiona aibu.
Walimuuliza ilikuwa na rangi gani.

Nikachukua kitenzi cha pua.
Na kitenzi hicho, jamani, kina makali pande mbili:
anayenusa na anayenuka
wanavaa shati moja.
Kinachowatenganisha ni kijineno cha herufi mbili,
nami nikakitia kwa haraka,
kama mpishi atiaye chumvi bila kuonja.

Wakili Byakagaba aliinuka taratibu.
Alikuwa anatabasamu.
"Kwa hiyo shahidi mwenyewe ndiye aliyenuka petroli?"

Nilisikia jasho. Ndiyo, nililisikia,
likishuka mgongoni tone kwa tone.
Bi Atimango akanitazama
kama mtu aliyempa jirani mtoto amshikie kidogo,
akarudi akakuta mikono mitupu.

Wakili akaendelea: alimwona mshtakiwa, au alimtazama?
"Nilimwona," akajibu mama. "Kumtazama niliogopa."
Hilo nililivusha salama, bila kumwagika.
"Ai sii," akasema hakimu,
na macho yake hayakutoka kwenye karatasi.
Ndivyo wanavyosema wakielewa,
na ndivyo wanavyosema wasipoelewa.

Nikainua mkono. Mkalimani hainui mkono.
"Mheshimiwa, kosa ni langu.
Petroli haikuwa mwilini mwa huyu mama.
Ilikuwa hewani, ikamjia."
Feni ikazunguka mara tatu, nne.
Karani akakohoa.
Hakimu akapiga mstari juu ya herufi mbili,
mstari mfupi kuliko kope.

"Umewaambia nini?" mama akaninong'oneza.
"Nimewaambia habari za pua yako."
"Mimi sikusema pua."
"Najua, mama."
"Nililala. Pua ililala. Sikio ndilo halilali."

Sikuwa na kitenzi cha hilo. Mpaka leo sina.

Kisha ikatangazwa: shauri litasikilizwa tena
tarehe kumi na nne mwezi ujao.
Bi Atimango akafunga leso yake,
akahesabu nauli ya kurudi Bweyale.
"Mwaka wa pili huu wanasikia," akasema.
"Kusikiliza ndiko bado."
Halikuwa swali, na hakuna aliyenilipa kulifasiri.

Jioni nilivua shati, nikalinusa kolani.
Lilinuka moshi wa miwa.
Nikayarudia maneno hayo mawili kwa sauti,
nusa, nuka, nusa, nuka,
polepole, kama mtu anayehesabu chenji
akiwa ameshaondoka dukani.